Nyimbo za Kale na za Sasa Mbele ya Kalamu Nyekundu

Msomi aliyefunzwa Kiswahili Sanifu anaposikiliza nyimbo za Katanga, mara nyingi kalamu nyekundu humjia mkononi kabla sikio halijatulia. Huhesabu kila ba- palipotarajiwa wa-, huzihesabu ka- na tu- za udogo, kisha hukata shauri kwamba mwimbaji hajui lugha. Uamuzi huo hauwaumizi waimbaji peke yao. Mwanafunzi aliyelelewa katika lugha hiyo huingia darasani akiionea haya.

Chukuliwe «Masanga» wa Jean-Bosco Mwenda, ambao Hugh Tracey aliunasa mwaka 1952 mjini Jadotville, ndio Likasi ya leo. David Rycroft alipouchunguza ustadi wa Mwenda katika jarida la African Music, mwaka 1961 na 1962, alilielekea hasa gitaa, na tangu hapo sifa nyingi zimefuata njia hiyo. Ni haki yake: kidole gumba kinashika nyuzi nzito, cha shahada kinachezea nyuzi za juu, na msikilizaji hudhani wapigaji ni wawili. Lakini maneno ya nyimbo hizo yamedhulumiwa. Husemwa kwamba hayana mpango, kwamba sentensi huruka kutoka jambo hadi jambo. Wasemao hivyo huyasoma yakiwa yameandikwa karatasini, bila gitaa. Mzunguko wa nyuzi ni mfupi, na sentensi sharti itue kabla mzunguko haujarudi; ufupi huo ni wa kanuni, si wa umaskini. Ama ba-, ka- na tu-, hizo ni mali ya pamoja ya Kibemba na Kiluba, lugha zilizokutana na Kiswahili katika miji ya migodi. Mwenda, aliyefariki katika ajali ya gari mwaka 1990, aliimba kama watu wa miji hiyo walivyosema.

«Malaika», uliovumishwa na Fadhili William ingawa utunzi wake umegombaniwa, una Kiswahili chepesi na kisa kizito: mapenzi yanayozuiwa na ukosefu wa mali. Miriam Makeba alipouimba kwa matamshi ya mgeni alishangiliwa. Upole huo mwimbaji wa Likasi hakuupata.

«Jambo Bwana» wa Them Mushrooms ni salamu ya hotelini. Husikika vizuri, husahaulika vizuri.

Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, alihamia Nairobi mwaka 1977, na katika «Vunja Mifupa» aliupokea usemi wa mitaani wa kuhimiza watu wale raha meno yangalipo. Upatanisho wa ngeli si wa vitabu. Wimbo wachezeka, na usemi umebaki na ukali wake.

Mwaka 2010 Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, aliujenga upya «Indépendance Cha Cha» wa Grand Kallé, wa mwaka 1960, ulioimbwa hasa kwa Kilingala. Masimulizi yake mapya ni ya Kifaransa. Kiswahili kimepewa nusu ya kichwa: «Le Jour d'Après / Siku ya Baadaye». Hapo ndipo penye utamu. Kifaransa chataja siku inayofuata sherehe, asubuhi ya kufagia. Kiswahili chataja siku isiyo na tarehe, ambayo huenda haijafika bado. Anayetaka kusahihisha na kuandika «kesho yake» atakuwa amefuta swali ambalo wimbo mzima unauliza.