Mguu Uliofunga Breki: Mtupo wa Yego wa Mita 92.72

Abiria aliyesimama kwenye hiace ya Igoma, jijini Mwanza, anaijua fizikia hii bila kuisoma darasani. Gari limeiacha Mirongo, limeshika Barabara ya Nyerere, bodaboda inakatiza, dereva anakanyaga breki. Miguu ya abiria inasimama pamoja na gari. Kifua na kichwa vinaendelea na safari, na asipowahi kushika bomba atamwangukia konda mgongoni.

Julius Yego alipata ubingwa wa dunia kwa kujifungia breki ya namna hiyo makusudi.

Ilikuwa Beijing, tarehe 26 Agosti 2015, raundi ya tatu ya fainali ya kurusha mkuki. Mkuki wa wanaume una gramu 800, uzito usiofika hata kilo ya sukari. Mkenya huyo kutoka Nandi aliupeleka mita 92.72, rekodi ya Afrika. Ihab Abdelrahman wa Misri alifuata kwa mita 88.99. Tangu Jan Železný wa Jamhuri ya Cheki arushe mita 92.80 mwaka 2001, hapakuwa na mtu aliyefika mbali hivyo.

Watu wengi hutazama mkono. Kwa mtupaji anayetumia mkono wa kulia kama Yego, macho yaende kwenye mguu wa kushoto. Katika hatua za mwisho mwili wake umelala nyuma kidogo, miguu imetangulia mbele ya mabega, na mkono ulioshika mkuki umenyooka nyuma kabisa. Mguu wa kulia unatua na kubeba uzito wote, kwa muda mfupi sana. Kisha wa kushoto unachomekwa mbele, kisigino kwanza, goti limekazwa. Hapo ndipo breki inapofungwa. Nyonga inagoma kuendelea, kiwiliwili kinavutwa kuipita, bega linakifuata kiwiliwili, kiwiko kinalifuata bega, na mkono unachomoka mwisho kabisa kama ncha ya mjeledi. Mtupaji wa kiwango hicho hukimbia kwa takriban mita 6 kwa sekunde, lakini mkuki humtoka kwa kasi inayokaribia mita 30. Mbio peke yake haziwezi kutoa tofauti hiyo. Goti likikunjika, uzito unazama ardhini na mkuki unaanguka karibu, hata kama mkono una nguvu za kung'oa mti.

Wavuvi wa Mwaloni Kirumba wanalijua hili kwa upande wake wa pili. Mtu akisimama ndani ya mtumbwi na kurusha kamba kwa nguvu kuelekea ufukweni, mtumbwi unarudi nyuma na kamba inaishia majini. Akiwa juu ya mwamba, kamba ile ile na mkono ule ule, inafika. Mwamba umemkatalia mguu, mtumbwi umeukubali.

Gofu nayo inaendeshwa na kanuni hiyo, ingawa mchezaji hakimbii. Fimbo ikiinuliwa nyuma, uzito mwingi huhamia mguu wa nyuma. Wachezaji wazuri huanza kuurudisha mbele kabla hata fimbo haijamaliza kupanda, na mpira unapogongwa sehemu kubwa ya mwili imekwishaegemea mguu wa mbele, goti lake likinyooka na kusukuma ardhi. Anayebaki amekalia mguu wa nyuma huchota udongo kabla ya mpira.

Yego ana jambo moja ambalo mcheza gofu hawezi kuliiga. Baada ya kuachia mkuki huanguka mbele kwa mikono na kifua, kwa sababu kasi iliyobaki mwilini lazima iishie mahali na mstari wa mwisho haurukwi. Wengine hujiachia nafasi ya kurukaruka hadi wasimame. Yeye hulala chini, na hivyo anaweza kutupia karibu zaidi na mstari.

Alijifunza mengi kwa kutazama video za Železný na Andreas Thorkildsen wa Norway kwenye YouTube, kabla ya kupata mafunzo Finland. Jicho lake liliona kilichokuwa kinatendeka chini ya kiuno, na hilo linastahili heshima kubwa. Kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 alipata medali ya fedha kwa mtupo wa kwanza wa mita 88.24, kisha akaumia kifundo cha mguu katika fainali hiyo hiyo.

Walimu wa michezo wa shule zetu, mnapowapanga watoto kurusha mkuki, tufe au hata fimbo ya mti, chuchumaeni pembeni kwanza muutazame mguu wa mbele unavyotua. Mkono mtautazama baadaye.