Nyungu ya Mawe na Wapenzi wa Historia

Mwaka 1969 Chama cha Historia cha Tanzania, jumuiya ya walimu na wanazuoni, kilitoa kijitabu cha Aylward Shorter juu ya mtemi Nyungu ya Mawe. Kiliandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Nairobi. Twakihakiki hapa kwa sababu chahusu nchi ya Wakimbu, na Mitundu, kusini mwa Itigi mkoani Singida, imo katika upande wa mashariki wa nchi hiyo.

Sifa yake ni kubwa. Wasafiri wa Kizungu aghalabu walimwona Nyungu kuwa jambazi tu. Shorter, padri na mtaalamu wa anthropolojia, aliwasikiliza wazee wa Kikimbu, na kwa njia hiyo twamwona mtu wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe aliyejitenga baada ya Mnywa Sele kuuawa mwaka 1865, akakusanya rugaruga, akazitwaa temi nyingi ndogo za Ukimbu, kisha akaweka juu yake watwale aliowateua mwenyewe. Jina lake ni majigambo, maana chungu cha mawe hakivunjiki. Hata hivyo kilichodumu ni ule mpango wa watwale: Nyungu alipofariki mwaka 1884, dola ilishikwa na mwanamke, Mgalula.

Lakini anwani ya kijitabu yataja uongozi, na hapo ndipo tunaposita. Rugaruga walikula ghala za nani? Pembe za ndovu alizopelekewa mtemi zilitoka mikononi mwa wawindaji gani, nao walibakiwa na nini? Masimulizi ya ikulu humkumbuka mshindi. Ya kijijini humkumbuka aliyechukuliwa mateka. Haya ya pili ndiyo tunayoyakosa.

Kisha kuna lugha. Maneno ya wazee yaliondoka Ukimbu yakafika shuleni kwa Kiingereza, hata mjukuu wa msimulizi asiweze kumsahihisha mwandishi. Kwa chama kilichokusudia kuwarudishia wananchi historia yao, kasoro hii si ndogo.

Yafaa basi wapenzi wa historia wa Mitundu, mwalimu na wanafunzi wake pamoja na wazee, wakisome kijitabu hicho kwa Kiswahili, sura kwa sura, mbele ya wanaozikumbuka habari za wazazi wao. Wasiwaulize Wakimbu peke yao; Wanyamwezi na Wataturu nao wana lao la kusema juu ya rugaruga. Na pale masimulizi yanapopingana, wasiyapatanishe kwa haraka. Wayaandike yote mawili, kila moja na jina la ukoo ulioyatoa.