Bikira, Msichana au Mwali? Uhakiki wa Tafsiri za Isaya 7:14

Katika makala haya mafupi tunahakiki tafsiri ya neno moja tu: 'almah', neno la Kiebrania lililomo katika Isaya 7:14. Aya hiyo Wakristo huisoma wakati wa Krismasi kama utabiri wa kuzaliwa kwa Masihi. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 iliandika 'bikira'. Biblia Habari Njema, iliyotoka katika miaka ya 1990, iliandika 'msichana'. Mwanafunzi akiziweka tafsiri hizi mbili pamoja ana haki ya kuuliza: ni nani aliyebadili Maandiko?

Tuanze na muktadha. Isaya anazungumza na Ahazi, mfalme wa Yuda, yapata mwaka 735 K.K., wakati wafalme wa Shamu na Israeli walipoitishia Yerusalemu. Aya ya 16 yaeleza kuwa nchi za wafalme hao zitaachwa ukiwa kabla mtoto huyo hajajua kupambanua mema na mabaya. Dameski iliangukia mikononi mwa Waashuri mwaka 732 K.K. Ndiyo maana Wayahudi huichukua ishara hiyo kuwa ya zama za Ahazi mwenyewe.

Kuhusu neno lenyewe, 'almah' ni mwanamke kijana aliyefikia umri wa kuolewa. Ubikira wake hudhaniwa, hautamkwi. Neno lililo karibu zaidi na 'bikira' ni 'betulah'. Katika Kutoka 2:8 dada yake Musa naye anaitwa 'almah', na Union Version haikumwita bikira. Mbona basi kwa Isaya neno lilelile likawa 'bikira'?

Jibu liko katika Kigiriki. Wayahudi waliofasiri kitabu cha Isaya kwa lugha hiyo kabla ya Kristo waliandika 'parthenos', yaani bikira, na Mathayo akanukuu kwa neno hilo (1:23). Union Version ilimsoma Isaya kwa miwani ya Mathayo. Huo ni ufafanuzi wa kiimani uliovikwa vazi la tafsiri, na msomaji hakuambiwa.

Habari Njema iliweka 'msichana' kwa Isaya na 'bikira' kwa Mathayo, hivyo kila kitabu kikasema kwa kinywa chake. Huo ni uaminifu wa kusifiwa. Hata hivyo, 'msichana' ni neno pana mno. Hata mtoto wa darasa la tatu ni msichana.

Hapa Kinyarwanda kinatusaidia. Bibiliya Yera ina 'umwari': binti aliyepevuka, hajaolewa, mwenye heshima zake. Mnyarwanda akitaka kutaja ubikira wenyewe, analo neno 'isugi'. Kiswahili nacho kina nduguye umwari, yaani 'mwali'. Ni rai yetu kwamba 'mwali' lingekaribia 'almah' kuliko maneno yote mawili yaliyotumika. Tunakubali kwamba huko pwani mwali ni pia binti aliyewekwa ndani akifundwa, na kwamba vijana wengi wa mjini hawalitumii. Tanbihi ya mstari mmoja ingetosha kuondoa utata huo.

Wapo watakaohofu kwamba kugusa neno hili ni kugusa imani. Huko Marekani, mwaka huohuo wa 1952, tafsiri ya Revised Standard Version ilipoandika 'mwanamke kijana', mchungaji mmoja aliuchoma moto ukurasa huo hadharani. Tunaona hofu hiyo haina msingi. Imani ya kuzaliwa na bikira imejengwa juu ya Mathayo na Luka, na hakuna mfasiri aliyeiondoa humo. Kinachohatarishwa ni kingine: haki ya msomaji kujua ni wapi nabii anasema na ni wapi mfasiri anamsemea.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na wanafunzi wetu wataitwa kufasiri sheria, mikataba na nyaraka za hospitali. Walimu wenzetu, wapeni aya hii katika Kiswahili na Kinyarwanda, watetee chaguo lao kwa hoja za lugha kwanza. Atakayejifunza kutoficha msimamo wake nyuma ya neno 'bikira' hataficha wa mwajiri wake nyuma ya kifungu cha sheria.