Tulipomvua Soja Lafudhi

Huyu soja unamjua. Koti linamfika visigino, kofia imemziba jicho moja, rungu amelishika kama mwiko. Anaingia jukwaani, anapiga saluti kwa mkono wa kushoto, na kabla hajasema neno ukumbi mzima umeshacheka. Akisema, anasema kwa lafudhi ya Kiluhya ambayo sijawahi kuisikia kwa Mluhya yeyote. Halafu anaanguka. Ukitaka kujua kwamba msimu wa drama za shule umefika, hesabu masoja.

Sina ugomvi na kicheko. Ila mimi nimekaa getini. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda, nililinda ploti moja hapa Nairobi miezi minne, saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Koti nililopewa lilikuwa kubwa kweli. Hapo waandishi wetu wa shule wamepatia. Kwingine kote wanabahatisha.

Msimu uliopita shule moja ya upili iliniita niwasaidie na mchezo wao. Hadithi ilikuwa ya pesa za basari: mwalimu mkuu anazigawana na mwanasiasa wa wadi, wanafunzi maskini wanafukuzwa karo. Mwalimu wa drama akaniambia, "Mchezo uko sawa. Tunataka tu soja achekeshe zaidi."

Nikasoma. Soja alikuwa anaingia kati ya onyesho na onyesho, kama tangazo la biashara. Anaanguka, anakimbizwa na mbwa, anamwita mgeni "madam" kumbe ni mwanamume. Kwenye orodha ya wahusika aliandikwa SOJA, basi. Mbwa wa mwalimu mkuu alikuwa na jina.

Aliyemwigiza alikuwa kijana wa kidato cha tatu, yule mchekeshaji ambaye kila darasa huwa naye. Ana kipaji, hilo silipingi. Siku ya kwanza nilimwomba kitu kimoja tu: asome maneno yote ya soja kwa sauti yake mwenyewe, bila lafudhi. Akasoma ukurasa mmoja, akanyamaza, akaniuliza, "Kochi, sasa hapa mimi nataka nini?"

Sijui kama alijua ameandika uhakiki mzima kwa sentensi moja. Tulipoondoa lafudhi, hapakuwa na mtu chini yake.

Utaniambia lafudhi imechekesha Wakenya tangu zamani. Ni kweli. Marehemu Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu, na kwa miaka mingi alituchekesha kwenye Vitimbi kama Mzee Ojwang', Mjaluo. Lafudhi ilikuwa ya kuazima. Lakini ile hamu ya mzee kutaka asikizwe nyumbani kwake haikuwa ya kuazima. Ungeweza kumzima sauti na bado ujue huyu mtu amekasirika kwa nini.

Na masoja wote wa jukwaa la shule, ukiwafuata nyuma, wengi wanaishia kwa Papa Shirandula. Charles Bukeko, aliyetuacha Julai 2020, alimwigiza mlinzi huyo kwenye Citizen TV hadi watu wakasahau jina lake la kuzaliwa. Kumbuka mchezo ule ulisimama juu ya nini. Shirandula alikuwa mlinzi anayeficha nyumbani kwamba yeye ni mlinzi. Anatoka kama mtu wa ofisi, kazini anavaa sare. Kila mgeni anayekaribia geti anaweza kuwa mtu wa kwao, na siri ikamwagika. Tulicheka kwa sababu yeye alikuwa na hofu. Wanafunzi wetu wamechukua sare, wamechukua lafudhi, siri wameiacha getini.

Siri hiyo naijua vizuri. Miezi yote minne mathe alijua niko "kwa kampuni". Sikuwa nimedanganya sana. Kampuni ilikuwepo, na jina lake lilikuwa mgongoni mwangu.

Basi tukaanza upya na swali la kijana: soja anataka nini? Nikawauliza wanafunzi soja wa shule yao ana uwezo gani. Hawana bunduki, hawana cheo, hata funguo nyingine hawaachiwi. Msichana mmoja akasema, "Ana kitabu cha wageni." Tukakaa hapo wiki nzima. Kitabu ndicho mahali pekee ambapo mtu mwenye gari kubwa anamsubiri mtu mwenye torchi. Soja wetu, ambaye sasa aliitwa Nashon, akawa mtu anayekipenda kitabu chake kupita kiasi. Anakijalidia kwa gazeti. Anapiga mistari kwa rula. Mwanasiasa anapokuja usiku na bahasha, Nashon hambishii kuingia, anataka tu ajaze kila sehemu: jina, nambari ya gari, saa ya kuingia, sababu ya kuja. "Mheshimiwa, hapa kwa sababu umeacha wazi." Mheshimiwa anafoka, Nashon anampa kalamu. Kalamu haiandiki. Anampa nyingine.

Hakuna aliyeanguka, na wanafunzi waliokuwa wakitazama mazoezi walikuwa wanapigana mabega kwa kicheko. Kijana hakuwa anachekesha. Alikuwa anajaza kitabu. Mtu wa kuchekesha jukwaani hajui kwamba anachekesha. Kwake yeye siku inaendelea tu, na mambo yanamlemea.

Hapo nikaharibu. Nilikuwa na uchungu wangu wa miezi minne, na nikauweka wote kwa Nashon. Nikamwandikia hotuba kuhusu utu wa mlinzi. Nikamfanya mkweli, jasiri, asiyekula rushwa. Tulipoijaribu, ukumbi ulikuwa kimya kama kanisa siku ya juma. Kijana akasema, kwa adabu, "Kochi, huyu sasa ni mtakatifu. Mtakatifu hachekeshi."

Ilinibidi nirudi kwa Francis Imbuga. Kwenye Betrayal in the City, tamthilia ya 1976 ambayo Kenya iliipeleka FESTAC kule Lagos 1977, kuna Mulili, binamu ya Boss. Kiingereza chake kimevunjika kila mahali, na vizazi vya wanafunzi vimemcheka. Lakini Mulili anajua anachotaka: shamba, ng'ombe, zabuni ya maziwa. Kwa ajili ya maziwa hayo anapeleka maneno kwa Boss, na Kabito anakufa. Imbuga anatuchekesha na mtu, kisha anatuonyesha tumekuwa tukimchekea nani. Hakumhurumia Mulili kwa sababu hakusoma. Alimpa uhuru wa kuwa mbaya, na hiyo nayo ni heshima.

Soja wa kuanguka na soja mtakatifu ni ndugu. Wote wawili wameandikwa na mtu ambaye hakumtazama mlinzi. Mmoja alimcheka, mwingine alimhurumia. Na huyo wa pili, mwenye aibu zaidi, nilikuwa mimi, niliyelivaa hilo koti.

Hotuba tukaitupa. Kijana akamrudishia Nashon dhambi zake: anawaongopea wanafunzi kwamba alipigana Somalia, anachukua mandazi kwa mama muuzaji na kuahidi kulipa mwisho wa mwezi, na anaogopa paka. Mwishoni, wakati mwalimu mkuu anaapa kwamba mheshimiwa hajawahi kukanyaga shule, kitabu kinatakiwa. Nashon anatetemeka. Hataki kupoteza kazi. Kwanza anasema kimepotea. Anakitoa tu pale mwalimu mkuu anapomwambia mbele ya watu kwamba hajui hata kuandika. Hakuwa shujaa, alikuwa ameudhika kuhusu mistari yake.

Kwenye mashindano, dakika za kwanza zilinitoa jasho. Watu waliona koti wakaanza kucheka, wakangoja aanguke, hakuanguka, kicheko kikakauka. Kilirudi kwenye ile kalamu ya pili, taratibu, na safari hii kilikuwa kinasikiliza. Kitabu kilipofunguliwa mwishoni, hakuna aliyecheka. Hatukuendelea hadi ngazi iliyofuata. Jaji mmoja alisema soja angechangamka zaidi.

Labda alikuwa na haki. Mwendo wetu mwanzoni ulikuwa mzito, na kukaa getini hakunifanyi kuwa mwandishi mzuri wa getini. Ila nitamuuliza yeyote anayeandika soja msimu huu, au hausigeli, au makanga, au mlevi wa kijiji: mvue lafudhi, mvue koti, usimwangushe. Kama bado yuko pale, mpe jina. Kama hayuko, unachochekesha nacho ni kabila la mtu na umaskini wake, na kwa hivyo ukumbi ungecheka hata bila wewe.

Kijana naye alinitumia ujumbe juzi. Anataka kujua kama Nashon amewahi kumwambia mke wake kazi anayofanya. Bado sijamjibu.