Ufundi wa Kuharakisha Tanbihi

Februari 1776, Edward Gibbon alipotoa jijini London juzuu ya kwanza ya historia yake ya kuanguka kwa Dola ya Kirumi, tanbihi zilirundikwa mwishoni mwa kitabu. Mwanafalsafa David Hume alikisifu kitabu, lakini akamlalamikia mchapishaji William Strahan: unafunua hadi mwisho, na mara nyingi unakuta jina la chanzo tu. Toleo la mwaka 1777 likazishusha tanbihi chini ya kurasa.

Adha hiyo ya Hume imezuka upya kwenye vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki. Kitabu cha EPUB ni mafaili kadhaa yaliyofungashwa pamoja, na kurasa zake hazijakatwa mapema. Kifaa huzipanga kwa kufuata ukubwa wa herufi aliouchagua msomaji. Tanbihi zote zikiwa ndani ya faili moja, msomaji akagusa namba 1,900, mara nyingi kifaa hulazimika kulipanga faili hilo tangu mwanzo ili kijue tanbihi hiyo imeangukia wapi. Prosesa ikiwa dhaifu, msomaji hubaki akikodolea macho skrini, na hoja aliyokuwa akiifuata imeshamponyoka.

Fundi mahiri wa kutengeneza vitabu hivi hasubiri kifaa kipya. Hulikata faili la tanbihi sura kwa sura, ili kila mguso uamshe kipande kidogo tu. Calibre, programu ya kubadili vitabu vya kielektroniki, nayo hukata, kwa kawaida faili likizidi kilobaiti 260, ila yenyewe hupima ukubwa. Fundi hupima maana, akahakikisha tanbihi ndefu haikatiki katikati. Kisha husafisha alama za mitindo zilizoachwa na programu ya kuandikia, moja baada ya nyingine, kama anayechambua mchele kwenye ungo. Ni kazi ya siku nyingi, na hakuna msomaji atakayeiona.

Tangu EPUB 3 ya mwaka 2011 kuna njia ninayoipenda zaidi: fundi huitambulisha namba kuwa kiungo cha tanbihi, na maelezo yenyewe kuwa tanbihi, na kifaa kinachoelewa alama hizo hufungua kidirisha kidogo juu ya ukurasa. Msomaji haondoki alipo. Lakini si vifaa vyote vinavyoelewa, kwa hiyo fundi mwangalifu huacha pia njia ya kawaida ya kwenda na kurudi.

Kurudi ndiko kunakonipa hamu ya kumshika fundi mkono. Kiungo cha kurudi kikielekezwa kwenye mwanzo wa aya, na aya ikiwa ndefu, msomaji hutua ukurasa mmoja nyuma ya alipokuwa. Fundi mwenye kujali huipa kila namba utambulisho wake, hata ziwe maelfu, kisha huzigusa na kuzijaribu, akiangalia kama kila moja inamrudisha kwenye neno lilelile alilokuwa amefikia.