Nani Amshirikisha Nani?

Neno "utafiti shirikishi" limekwisha kuzoeleka katika maandiko ya afya hata halimsimamishi msomaji. Laiti angesimama, sarufi yenyewe ingemwambia jambo. Kushiriki ni tendo la mtu mwenyewe. Kushirikiana ni la watu wengi, kila mmoja kwa mwenziwe. Bali katika kushirikisha yumo mtendeshaji, na "shirikishi" limezaliwa humo. Yuko afunguaye mlango na wako wakaribishwao, na ufunguo haubadili mkono.

Tazama kampeni ya Mtu ni Afya, iliyofanywa Tanzania mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kitabu, wakajadiliana habari za malaria, kichocho, safura na kuhara damu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kazi hiyo si ya kubezwa: choo kilichochimbwa ni choo. Lakini orodha ya maradhi ilikuwa imekwisha andikwa kabla ya kikundi cha kwanza kuketi. Wanakijiji waliachiwa kujadili namna ya kutenda, si jambo la kutendwa. Tena vyoo huhesabika kwa urahisi. Sababu za mtu kukikwepa choo hazihesabiki hivyo.

Budd Hall, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Dar es Salaam na kuandika juu ya kampeni hiyo, ni miongoni mwa walioeneza, katika miaka hiyo hiyo ya 1970, wazo la kwamba achunguzwaye awe mchunguzi pia. Chini ya wazo hilo iko falsafa. Aaminiye kwamba ukweli wa ugonjwa umekaa nje, ukingoja kuokotwa, atajitahidi asionekane. Aaminiye kwamba ujuzi huo huzaliwa kati ya muulizaji na muulizwa hana budi aseme yeye ni nani. Mama wa Pwani aulizwapo na mgeni mwenye daftari kama huchemsha maji ya kunywa, aweza kujibu "ndiyo" kwa adabu tu. Adabu hiyo huingia daftarini ikawa takwimu ya maji.

Ndiyo maana siku hizi watafiti wengi huandika aya ya kujitambulisha: jinsia, elimu, kabila, mji walikotoka. Kisha huendelea kama zamani. Aya ya namna hiyo ni hodi ipigwayo na mtu aliyekwisha ingia ndani.

Marja-Liisa Swantz wa Ufini alibisha hodi mapema zaidi. Katika miaka ya 1960 alikaa Bunju, kaskazini ya Dar es Salaam, miongoni mwa Wazaramo, na kitabu chake cha 1970 juu ya mila na ishara zao kilitokana na kukaa huko. Unyago na uganga si mambo ya kuulizwa mlangoni. Mwaka 1995 alitoa kitabu kingine, juu ya damu, maziwa na mauti katika fikira za Wazaramo hao, na pamoja na jina lake yakatajwa ya Salome Mjema na Zenya Wild. Hiyo ni haki kubwa kuliko shukrani za ukurasa wa mbele. Hata hivyo kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza. Mkunga wa Bunju asiyeijua lugha hiyo, akitaka kukanusha sentensi moja ndani yake, itambidi kwanza atafute mtu wa kumfasiria.