Lityerses na Wimbo Wake: Kafara ya Mavuno au Sauti ya Mvunaji?

Makala haya yanamhakiki Lityerses, mhusika mdogo wa visasili vya Kiyunani anayehusishwa na mavuno. Kisa chake ni kifupi. Alikuwa mwana wa mfalme Midas, akiishi Celaenae katika Frigia, mahali palipo leo mji wa Dinar nchini Uturuki. Mgeni aliyepita karibu na shamba lake alikaribishwa, akalishwa, kisha akalazimishwa kushindana naye kuvuna. Jioni aliyeshindwa alikatwa kichwa, na kiwiliwili chake kikafungwa ndani ya mganda. Heracles alipopita alimshinda, akamuua kwa namna ileile na kuutupa mwili katika mto Maeander.

Usomaji uliozoeleka ni wa James Frazer katika The Golden Bough, kitabu kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1890. Akimfuata Mjerumani Wilhelm Mannhardt, Frazer aliona humo masalia ya kafara: anayeuawa anawakilisha roho ya nafaka, na kifo chake ni cha kurutubisha ardhi. Hoja hii si ya kubezwa. Wavunaji katika sehemu mbalimbali za Ulaya walikuwa na desturi ya kumfunga mpita njia kwa mabua hadi atoe chochote, na bila desturi hizo ni vigumu kueleza kwa nini maiti ifungwe katika mganda.

Hata hivyo, ufafanuzi huo unaacha nje mambo ambayo matini zenyewe zinayataja waziwazi: shamba ni la nani, nani anakula, na nani anashika mundu bila hiari. Sositheus, mtunzi wa tamthilia wa karne ya 3 KK, anamchora Lityerses kuwa mlafi anayemaliza mikate ya kutosha kuwatwika punda watatu. Katika tamthilia hiyohiyo Daphnis anamtafuta mpenzi wake, ambaye amekuwa mtumwa katika nyumba hiyo. Huyu ni bwana shamba, tena mwenye tumbo, kabla ya kuwa ishara ya jambo lolote la kidini.

Ushahidi mzito zaidi umo katika Idili ya 10 ya Theocritus, wa karne hiyohiyo. Wavunaji wawili wa kuajiriwa wanazungumza. Bucaeus amelemewa na mapenzi, anabaki nyuma ya wenzake, na anaimba sifa za msichana wake. Milon anamjibu kwa wimbo anaouita wa Lityerses. Ajabu ni kwamba wimbo huo hauna mauaji, hauna mgeni, wala hauna Heracles. Unaanza kwa kumwomba Demeter mazao mengi, kisha unawahimiza wafungao miganda wasije wakaonekana wamelipwa bure, unataja saa za kuanza kazi na za kupumzika jua linapokuwa kali, unamwonea wivu chura asiyesumbuka kutafuta wa kumpa kinywaji, na mwishowe unamgeukia mnyapara bahili: apike dengu vizuri zaidi, asije akajikata mkono akijaribu kupasua punje ya bizari nyembamba. Jina la aliyewaua wavunaji limekuwa jina la wimbo ambao mvunaji anautumia kumsuta msimamizi wake.

Tusiharakishe, hata hivyo, kumfanya Milon mtetezi wa wanyonge. Nusu ya wimbo wake inasema yale ambayo mwenye shamba angependa kuyasikia. Isitoshe, Pollux, mwanaleksikografia wa karne ya 2 BK, anauelezea wimbo wa Lityerses kama ombolezo lililoimbwa penye viwanja vya kupuria nafaka ili kumfariji Midas. Jina moja, basi, lilibeba kilio, himizo na dhihaka.

Hapo ndipo suala hili linapogusa uainishaji wetu wa fasihi simulizi. Tunapoweka wawe katika kundi la nyimbo za kazi kwa kutazama jina na shughuli peke yake, tunarudia kosa la Frazer kwa mlango mwingine: tunaijua kazi, hatumsikii anayeifanya. Mkusanyaji wa data aulize pia nani alikuwa akisikiliza wimbo ulipoimbwa, na ni ubeti gani ulioachwa mwenye shamba alipokaribia.

Theocritus hakumleta mwenye shamba jukwaani. Milon anamaliza kwa kumwambia Bucaeus kwamba hizo ndizo nyimbo za watu wanaohenyeka juani, na kwamba hayo mapenzi yake ya njaa akamsimulie mama yake asubuhi, akiwa bado kitandani.